Nyamaza Nimsikie Muuza Kahawa

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwaka 2019. Nimekaa kibarazani kwetu Buguruni namtumia dada yangu ujumbe wa sauti juu ya kiwanja alichotuachia marehemu baba. Dada anaishi Muscat tangu 2015. Nikamweleza kwa kirefu: nani kasaini, nani kagoma, mjumbe kasema nini, shangazi kanuna kwa sababu gani. Jibu likaja baada ya dakika kama mbili, na halikugusa kiwanja kabisa.

"Mdogo wangu, huyo anayepita nyuma yako ni muuza kahawa? Siku nyingine nyamaza kidogo nimsikie."

Nikaurudia ujumbe wangu mwenyewe. Kweli, nyuma ya maneno yangu, kwa mbali, kulikuwa na vikombe vinagongana: kili-kili-kili, kimya, kili-kili. Mzee yule alikuwa amepita hatua kumi kutoka miguuni kwangu, na mimi sikumsikia. Nilikuja kumsikia kwenye simu. Masikio yangu yalishamzoea kiasi cha kumfuta, kama yanavyofuta feni, friji na jogoo wa jirani. Simu haikuwa na mazoea naye.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka mapema, nikasimama getini na simu mkononi, nikarekodi dakika tano za mtaa bila kusema neno. Nikatuma nikiwa najiona nimefanya jambo. Dada akajibu: "Nasikia kama mtu anakaanga vitumbua."

Ilinichukua muda kujua kilichotokea. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umeundwa kubeba maneno ya mtu. Vingine vyote unavibana mpaka vinakuwa makapi. Halafu simu nyingi zina tabia ya kujirekebisha zenyewe: kukiwa kimya zinapandisha sauti, kikipita kishindo zinaishusha ghafla. Ndiyo maana ukirekodi mtaa kwa simu unapata ule mshindo wa mawimbi yanayokuja na kurudi ambayo mtaani hayapo. Kimya chenyewe kinapandishwa mpaka kinachacha.

Kinasa sauti changu cha kwanza nilikinunua kwa jamaa aliyekuwa akipiga video za harusi na sasa anauza vifaa ahamie kwenye ufugaji wa kuku. Zoom H1, kidogo, kama kipande cha sabuni ya mche. Alinipa na somo juu yake, bure: vaa hedifoni muda wote, na usikiamini kioo. Rekodi kwa WAV, aina ya faili lisilobana sauti, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Saa moja ya hivyo inakula karibu gigabaiti nzima, lakini hakuna kinachobanwa. Na leveli, yaani kiwango cha sauti inayoingia, iweke chini, vilele vya sauti vikae kama desibeli 12 kabla ya ukomo, kwa sababu katika mji huu huwezi kujua ni bodaboda gani itapiga honi kando ya sikio lako. Sauti ikishapasuka haishoneki.

Mafaili makubwa namna hiyo sikujua nitayafikishaje Oman. Ya kwanza yalisafiri kwa flashi, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa dagaa, mkononi mwa jirani aliyekuwa akirudi kazini huko. Dada anasema flashi ile bado inanuka.

Basi nikaanza kumwinda mzee wa kahawa. Siku ya kwanza nilisikia vikombe vinakuja, nikakimbilia nje na kinasa kimewashwa. Aliponiona tu akasimama, akatua dele chini, vikombe kimya, "Karibu kijana." Ningefanyaje? Nikanywa. Siku ya pili hivyo hivyo, nikanywa viwili. Nikawa silali usiku kwa kahawa na sauti yenyewe sina.

Siku ya tatu ndipo akili ikafunguka. Vikombe vile hulia wakati mzee hana mteja. Mteja akisimama, vinanyamaza na kushika kazi nyingine. Nilichokuwa nakiita sauti ya mtaa kilikuwa ni mtu anayetafuta hela ya siku, na kila nilipomsogelea niliikata mwenyewe. Tangu hapo sijawahi kusikiliza kelele za Dar kwa sikio lile la zamani. Nikisikia mlio unaojirudiarudia mtaani, najua kuna mtu bado hajauza.

Nikamwamkia, nikamwambia ukweli: dada yangu yuko mbali, anataka kusikia vikombe vyako.

"Sasa mimi nitembeeje?"

"Tembea kama hujaniona, mzee."

"Nikuone, halafu nisikuone?"

Alicheka, akatembea. Lakini alitembea kama mtu anayepita mbele ya jukwaa la wageni rasmi, vikombe anavigonga kama ngoma ya harusi. Ilibidi nimwache wiki mbili. Nikawa nanunua kahawa yangu, nalipa, nakaa zangu barazani na kinasa kimelala juu ya benchi, mpaka siku moja akapita bila kunikumbuka. Hiyo ndiyo niliyoituma.

Ukishampata mmoja, wengine wanajitokeza wenyewe. Vijana wanaopaka wanawake rangi kucha hugonganisha vichupa vya rangi kati ya vidole. Fundi cherehani anayetembea na mashine begani hukata hewa kwa mkasi, chaka-chaka, chaka-chaka. Mng'arisha viatu hugonga brashi kwenye boksi lake la mbao. Muuza sigara na karanga huchezesha sarafu kiganjani, na sarafu hizo hizo, zikichezeshwa na konda ndani ya daladala karibu na sikio lako, maana yake lete nauli. Aiskrimu ya baiskeli ina muziki wake ambao watoto wanausikia mitaa miwili kabla yetu. Hakuna kikao kilichowahi kukaa kugawa milio hii, na bado hakuna anayemwingilia mwenzake. Mama yangu akiwa uani anamenya ndizi hahitaji kuchungulia getini. Akisikia mkasi anapaza sauti, "Mshikeni huyo, nina gauni linataka kupunguzwa!" Akisikia vichupa anaguna tu na kuendelea na ndizi zake.

Nilikuwa na ubaguzi wangu, nakiri. Niliona milio ya mkono ndiyo yenye heshima, na vile vipaza sauti vya betri ni uchafu unaoharibu kazi yangu. Mnavijua: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, tunanunua vyuma chakavu, betri mbovu, friji mbovu. Sauti moja, bila kupumua, kutwa. Kila kilipotokea nilikuwa nazima mashine na kusubiri kipite. Siku moja nikiwa Ilala, mvua ikatubana chini ya kibaraza kimoja mimi na muuza dawa ya kunguni, yeye na baiskeli yake, kipaza sauti amekizima. Akaniuliza hicho kidude ni cha nini. Nikamwambia. Akasema, "Basi mimi na wewe kazi moja."

Nikamuuliza kama ile sauti ni yake. Si yake. Aliipata kwenye kadi kutoka kwa mwenzake wa Temeke, na mwenzake naye alipewa. Mwenye sauti, kwa alivyosikia yeye, alisharudi kwao Tandahimba siku nyingi, analima korosho. Nikabaki nimeduwaa. Yule mtu yuko shambani Mtwara, na koo lake linazunguka Dar es Salaam nzima likitangaza kifo cha mende, bila yeye kujua ni wangapi linawalisha. Nikamuuliza kwa nini haiti kwa mdomo wake mwenyewe. Akanionyesha shingo. "Nilianza hivyo, kaka. Miezi mitatu nikawa naongea kama chura. Na siwezi kurudi nyumbani jioni nikashindwa kusema na watoto." Mvua ilipokatika akakiwasha, nami nikawasha changu, nikamrekodi mpaka alipopotea kwenye kona. Ni rekodi ya rekodi, na ni moja ya zile ambazo sitazifuta.

Makosa yangu mengine hayakuwa ya moyo, yalikuwa ya mfukoni. Kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa GB 64 niliinunua duka moja mjini kwa bei iliyonifurahisha, na bei ya kufurahisha ilipaswa kunistua. Ndani haikuzidi nane. Kadi za namna hiyo zikijaa hazisemi. Sekunde zinaendelea kuhesabika kwenye kioo, faili linapata jina, lakini ndani hamna kitu. Niliondoka na mnada mzima wa samaki pale Feri, nikafika nyumbani na majina matupu. Sasa kadi mpya naijaza kwanza kwa mafaili ya ovyo hadi juu, nayafungua moja moja, ndipo naiamini.

Niliporudi Feri mara ya pili kadi ilikuwa sawa, upepo ukawa haupo sawa. Ulikuwa msimu wa kusi. Upepo ukiingia kwenye maikrofoni hausikiki kama upepo kabisa, unasikika kama mtu anaburuta gunia la mahindi juu ya sikio lako. Sponji iliyokuja na mashine inazuia pumzi ya mdomo, si upepo wa bahari. Kinachohitajika ni manyoya marefu yanayouvunja upepo kabla haujafika. Manyoya ya dukani bei yake ni ya kizungu, basi nikaenda kwenye mitumba ya Karume, nikachagua dubu wa kuchezea mwenye nywele ndefu kuliko wenzake, nikamchuna na kumshona kama soksi. Binti yangu hajanisamehe mpaka leo. Aliniona naingia na dubu, akajua ni wake.

Mara ya tatu ndipo nikaupata mnada. Dalali anapandisha bei kwa pumzi moja, samaki wanapigwa juu ya meza ya zege, ndoo za maji zinamwagwa, boti zinagongana ubavu, na juu ya yote kunguru. Kunguru hawa si wa kwetu kwa asili. Ni wale wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakavuka. Leo huwezi kurekodi dakika moja ya Dar mchana bila wao. Mwanzoni nilikuwa nawangojea wanyamaze. Ni sawa na kungojea bahari ikauke.

Pale Feri ndipo nilipojifunza jinsi ya kusimama na mashine mbele ya watu. Mwanzoni nilikificha kinasa ndani ya mfuko wa rambo, nikidhani watu wasipojua watakuwa wa kawaida. Wakajua. "Wewe wa gazeti gani?" Mwingine, "Huyu wa kodi huyu." Mtu aliyeficha kitu katikati ya watu wanaohesabu pesa anaonekana kutoka mbali. Siku iliyofuata nilikuja na hedifoni kubwa kichwani, kinasa na manyoya yake nimekiinua wazi, nikaenda moja kwa moja kwa dalali, nikamwamkia, nikamvisha hedifoni. Alisikiliza soko lile lile alilosimama ndani yake. Macho yakamtoka. "Kumbe tuna makelele hivi!" Akawaita wenzake mmoja mmoja waje wasikie, na mnada ukasimama dakika nzima, mama ntilie analalamika wateja wake wamehama. Baada ya hapo hakuna aliyenijali, na hicho ndicho nilichokitaka.

Lakini ruhusa ya soko si ruhusa ya kila mtu. Nimewahi kupanda daladala ya Gongolamboto nikiwa nimekusudia kunasa konda: anavyogonga bodi mara mbili, anavyoita "Suka, kuna mtu anashuka!", mlango unavyobamizwa. Nilimwomba, akakubali, tena akaongeza mbwembwe. Nyumbani, kwenye hedifoni, nikakuta siti ya mbele yangu kuna mwanamke anazungumza na simu kwa sauti ya chini, anamwomba mtu asimtoe kwenye nyumba mpaka mwisho wa mwezi. Ndani ya gari sikumsikia kabisa. Mashine ilimsikia neno kwa neno. Konda alikuwa mzuri sana siku ile, na nimefuta rekodi nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu mambo ya namna hii, lakini siku ile haikunijia sheria. Iliyonijia ni kwamba mama yule kama angejua nyuma yake kuna kinasa, angeshuka kituo kinachofuata.

Neno lililonigharimu kuliko yote ni "nitarudi". Mwanzoni mwa 2021 nilishuka ghorofa ya chini ya Soko Kuu la Kariakoo. Wasiolijua: ni jengo la miaka ya 1970, kazi ya mbunifu wetu Beda Amuli, paa lake kama miamvuli ya zege iliyogeuzwa juu chini kukinga maji ya mvua. Watu wengi hupiga picha lile paa. Mimi nilipenda kule chini, maana sauti ilikuwa haina pa kutokea. Kicheko cha mtu wa vitunguu kilizunguka nguzo na kukurudia kwa nyuma. Magunia yakitupwa chini yalitoa mlio mzito wa kifua. Betri yangu ilikuwa inaelekea kufa, nikarekodi dakika nne na sekunde chache, nikajisemea nitarudi na betri mpya, nikae nusu saa, nianze kabla soko halijachangamka.

Soko liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Wafanyabiashara wakapelekwa kwingine, jengo likaingia ukarabati. Katika dakika zangu nne, mbili za mwanzo nimeshika kinasa vibaya, vidole vyangu vinasikika kama panya ndani ya kabati. Zinabaki mbili. Katika hizo mbili kuna mtu anamwita mwenzake, "We Salehe! We Salehe!" na Salehe haitiki. Jengo likirudi kamili namna gani, ile sauti yenyewe inayozunguka nguzo sitarajii kuikuta ilipokuwa.

Tangu siku hiyo nina kanuni, na inaudhi familia: kinasa kiko mfukoni hata nikienda msibani, ingawa msibani sikiwashi. Na kila rekodi naianza kwa kujitangaza, mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, kama mtangazaji wa redio enzi za RTD. Nina mafaili zaidi ya arobaini ya mwaka wa kwanza yenye namba tu. Moja lina mtoto anaimba kuhesabu huku maji yanachotwa, zuri ajabu, na sijui ni wapi. Nimewasikilizisha mama, jirani, binti. Mama anasema Tabata. Jirani anasema maji yale ni ya kisima, Tabata hawachoti kisima. Wamegombana.

Rekodi niipendayo kuliko zote haikukusudiwa. Nilikuwa najaribu maikrofoni usiku jikoni kwa mama, saa mbili hivi, nikitafuta chanzo cha mvumo unaoharibu kila kitu ninachonasa ndani ya nyumba. Mvumo wenyewe ni umeme. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na friji, taa za mirija, chaja za bei rahisi, vyote vinaimba noti moja au maradufu yake, mchana na usiku. Sisi tunaishi ndani ya noti hiyo kama samaki ndani ya maji. Basi nikiwa nasikiliza hivyo, umeme ukakatika.

Katika hedifoni ilikuwa kama mtu ameondoa kifuniko. Friji lilitetemeka, likakohoa, likanyamaza. Mtaa mzima ukatoa "Aaaah!" moja, ndefu, kutoka kila dirisha. Kisha kimya, na ndani ya kimya vitu vikaanza kutokea kwa zamu: maji yanayodondoka uani kwa jirani, mbwa wa mbali, mama yangu anatafuta kiberiti kwa kupapasa meza, mwenye duka anavuta kamba ya jenereta mara moja, mara mbili, mara ya tatu anaitukana. Dakika kumi na tisa baadaye ukarudi. "Uuuumeeeeme!" watoto wote kwa pamoja, kama goli la Simba na la Yanga yamefungwa dakika ile ile. Friji likaanza tena noti yake, na kidogo kidogo nikaacha kuisikia.

Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ianze kuzalisha mwaka 2024, kelele ile ya furaha imepungua mtaani kwetu. Sisemi naulilia mgao. Nilishatupa nyama za kutosha. Ila binti yangu alipoisikiliza rekodi ile juzi aliuliza, "Hao watoto wanashangilia nini?"

Wakati wa kurekodi mji huu, kwa maoni yangu, ni saa kumi na moja alfajiri. Usiku ardhi hupoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu yake, na sauti badala ya kupotelea angani hupinda ikarudi chini. Nikiwa Buguruni nasikia honi ya meli bandarini kana kwamba imetia nanga sokoni. Adhana hazianzi pamoja. Msikiti mmoja unatangulia, mwingine unaupokea, na ukikaa sehemu moja mwaka mzima utajua ni upi hutangulia na muadhini yupi ana mafua. Nilikuja kusoma kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Vancouver, Kanada, R. Murray Schafer na wenzake waliurekodi mji wao hivi hivi, kengele, meli na honi za ukungu. Nikafurahi kujua kuna wazee wengine waliowahi kuonekana wendawazimu kabla yangu.

Saa hiyo pia ndipo unaisikia reli vizuri. Reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ina viungo. Gurudumu likivuka kila kiungo linasema ta-tam, ta-tam, na treni ya mjini iliyoanza 2012, ambayo watu waliibatiza jina la Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tulikuwa tukiijua imebeba watu wengi au wachache kwa uzito wa tam yake. Treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024. Reli zake zimeunganishwa kwa kuchomelewa, na treni yenyewe inakwenda kwa umeme. Ikipita nasikia upepo, na mlio mwembamba kama wa mtu anayefuta kioo kwa kitambaa kibichi. Naipenda kuipanda. Kuirekodi bado sijui niishike wapi.

Siku hizi hatutumi tena watu na flashi; napandisha mafaili mtandaoni, dada anashusha. Ananiambia anayasikiliza akipika, kiyoyozi amekizima, na mumewe ameshazoea kula chakula cha mchana ndani ya Buguruni. Kiwanja, kwa taarifa yenu, bado hakijaisha.

Mwezi uliopita nikamtumia vikombe vya mzee tena, ili alinganishe na vya 2019. Nilikuwa najivunia: mashine mpya, manyoya ya kweli, hakuna upepo, leveli sahihi. Akanipigia saa hiyo hiyo.

"Huyu siye yule."

"Ndiye, dada. Nimekaa naye mwenyewe leo asubuhi."

"Basi kavunja kikombe. Mlio umepwaya. Kamuulize."

Nilimsubiri jioni. Alitua dele, akanimiminia bila kuuliza. Nikamwambia dada yangu wa Muscat anasema umevunja kikombe. Akanyamaza kwa muda, ananitazama kama anayetafuta nimejulia wapi. Kisha akafungua kiganja, akavihesabu mbele yangu. Kweli kimepungua kimoja. Kilimponyoka kabla ya mwezi wa Ramadhani pale karibu na reli, na hakumwambia mtu. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye benchi.

"Mwambie dada yako," alisema akijifuta macho, "nitanunua kingine mwisho wa mwezi."